Usiku wa barafu kwenye maua ya epo: video kwa wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, Dodoma, na ndugu wa Njombe

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Hapa nilipo ni saa kumi kasoro dakika kumi usiku. Nyumbani mko mbele kwa saa moja, kwa hiyo najua jogoo wa Hombolo wameshaanza kuwika.

Ngoja niwashe tochi mwone. Hii sauti mnayoisikia, tik, tik, tik, ni vinyunyizio vya maji. Vimefungwa juu ya miti na vinazunguka toka saa nane. Niko kwenye shamba la epo ninapofanya kazi, bonde la mto Adige, karibu na mji wa Bolzano, kaskazini kabisa mwa Italia. Karibu nusu ya epo zote za nchi hii zinatoka mkoa huu. Ni Aprili, miti imechanua, na kipimajoto kinasoma nyuzi tatu chini ya sifuri.

Sogea hapa. Unaliona hilo ua? Limefungwa ndani ya barafu, petali zote unaziona, kama limewekwa ndani ya chupa. Tawi zima limekuwa hivyo. Juzi mama alipiga simu ya video akaona hali hii, akashika kichwa: "Mwanangu, mnamwagia maji miti ya watu usiku wa baridi namna hiyo? Si mnaiua?" Nikamwambia mama, subiri, nitarekodi nikueleze wewe na wenzako wote. Ndiyo hii.

Kwanza, baridi yenyewe inatoka wapi. Nyinyi mnaijua, ila kwenu haifiki mwisho. Kumbukeni kipupwe cha Juni na Julai pale Dodoma: mchana jua, usiku anga jeupe, nyota zimejaa, upepo umetulia, na alfajiri unavuta blanketi la pili. Ardhi imepokea joto mchana kutwa, usiku inalirudisha juu, na hakuna wingu la kulizuia. Kukiwa na mawingu usiku huwa na joto kidogo, kila mchungaji anajua. Hapa ni jambo hilo hilo, ila linashuka chini ya sifuri na umande unaganda kwenye majani. Ndiyo sakitu. Ndugu zangu wa Njombe na Makete hamhitaji kuelezwa, asubuhi za Juni mnaikuta nyasi imekuwa nyeupe.

Shida ya huku ni wakati. Huu mti wakati wa majira ya baridi umelala, macho yake ya kuchipulia yamefunga, na unavumilia baridi ambayo mimi mwenyewe sitoki nje. Kisha jua la Machi linauamsha. Kadiri jicho linavyofunguka ndivyo linavyokuwa dhaifu. Ua la epo lililochanua, likikaa nusu saa tu kwenye nyuzi 2.2 chini ya sifuri, katika kila maua kumi moja limekufa. Ikifika karibu nyuzi 4 chini ya sifuri, yanakufa tisa. Tofauti haifiki nyuzi mbili, na ndani ya tofauti hiyo kuna ada ya shule, mkopo wa trekta na chakula cha mwaka mzima.

Sasa maji. Maji yanapoganda yanatoa joto. Najua masikioni linasikika kinyume, lakini ndivyo lilivyo. Ukitaka barafu iyeyuke lazima uipe joto, sivyo? Basi maji yakigeuka barafu yanalirudisha joto lile lile. Na si dogo: lita moja ya maji ikiganda inatoa joto linalotosha kupandisha lita nyingine kutoka sifuri mpaka nyuzi 80. Kwa hiyo tone linaanguka juu ya ua, linaganda, linaliachia ua joto lake. Tone jingine linafuata. Mradi maji mapya yanaendelea kuja, ua ndani ya barafu linabaki kwenye sifuri au chini yake kidogo tu, na hapo halifi.

Mradi yanaendelea kuja. Hapo ndipo kazi yote ilipo.

Mama, kumbuka mtungi wa maji kule nyuma ya nyumba. Unatoa jasho, jasho linakauka, maji ya ndani yanapoa bila umeme. Maji yanapokauka yanaondoka na joto, na joto yanaloondoka nalo ni zaidi ya mara saba ya lile yanalotoa yakiganda. Sasa fikiria ua lililolowa, halafu maji yamekatika na kaupepo kakavu kanapita. Ua linageuka mtungi, linapoa kuliko hata hewa iliyolizunguka.

Hili nililijua kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kulinda mistari ya upande wa chini. Alfajiri kinyunyizio kimoja kikaziba kwa barafu, nami nikapita bila kukiona kwa sababu nilikuwa namulika njia badala ya kumulika juu. Miti ile ilikuwa imeshalowa. Kesho yake maua yake yalikuwa yameungua kuliko ya miti ya ng'ambo ya uzio ambayo haikupata tone tangu jioni. Nililia, siwafichi. Tangu siku hiyo natembea na kijiti mkononi, napita mstari kwa mstari nikitazama juu, kinyunyizio kilichosimama nakigonga mpaka kizunguke.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuwashi maji kwa kutazama kipimajoto kimoja. Vipo viwili: kimoja kikavu, kingine kimefungwa kitambaa kibichi. Hewa ikiwa kavu, kile cha kitambaa kinasoma chini zaidi, na hicho ndicho tunachokisikiliza. Asubuhi vilevile, jua likitoka hatuzimi. Tunasubiri mpaka barafu ianze kuachia matawi na kuanguka yenyewe.

Kuhusu kiasi cha maji, jikazeni. Hekta moja inakula lita 30,000 hadi 40,000 kwa saa. Hayo ni maboza matatu manne ya lita elfu kumi, kila saa, usiku kucha. Kwa ekari moja ni zaidi ya madumu 600 kwa saa. Mtu wa Dodoma anayenunua maji kwa dumu akisikia hivyo anaumia, nami naumia kila mwaka. Huku yapo, theluji ya milimani inayeyuka na kushuka.

Wasio na maji wanafanya mengine. Kuna feni kubwa juu ya nguzo ya mita kumi hivi. Usiku uliotulia hewa ya baridi inalala chini na ya joto inakaa juu yake. Feni inaichota ile ya juu na kuileta kwenye miti. Upepo wa baridi ukivuma kutoka mbali haisaidii, maana huko juu hakuna joto la kuchota. Wengine wanawasha mishumaa mikubwa ndani ya makopo, 200 mpaka 400 kwa hekta. Mtakuwa mmeona picha za Ufaransa za Aprili 2021, mizabibu imejaa mioto usiku kama kijiji kizima kinakesha. Waliwasha, na bado nchi nzima ilipoteza sana. Zabibu, aprikoti (yale matunda madogo ya njano), cheri, vyote. Machi ilikuwa na joto, miti ikawahi kuamka, baridi ikaikuta wazi. Dunia inapata joto na bado maua yanaungua kwa baridi, kwa sababu yanawahi kutoka.

Ndugu wa Njombe mmeniuliza sana kuhusu moshi. Nawajibu kwa moyo mmoja: moshi haulindi shamba. Chembe zake ni ndogo mno, joto la ardhi linapenya na kwenda zake. Kinachosaidia ni moto, na mioto midogo mingi ni bora kuliko mmoja mkubwa, maana mkubwa unapasua kwenda juu na kuvuta hewa baridi kutoka pembeni. Kwa miche ya parachichi, kabla ya moto fanyeni haya: msipande bondeni kabisa. Baridi inatiririka kama maji, inashuka mteremko na kutuama chini, na kama kuna uzio mnene wa miti upande wa chini wa shamba, toboeni njia ipite. Mche mdogo ujengeeni kibanda cha nyasi. Fyekeni majani, mwagilieni udongo mchana, maana udongo mtupu wenye unyevu unashika joto kuliko uliofunikwa na nyasi.

Sasa nirudi nyumbani, kwa wenye zabibu. Dodoma haina sakitu, na sitaki mtu anunue vinyunyizio kwa sababu ya video yangu. Nilichotaka kuwaonyesha ni kingine. Hawa watu hawachagui siku ya maua. Mti ukiamka umeamka, wao wanakesha. Mzabibu wetu haulali, hakuna baridi ya kuulaza. Unaamka pale unapoupogoa, na miezi minne hivi baadaye unavuna. Mkasi wako, mama, ndio unaopanga maua yatoke lini. Nikiwa hapa gizani nawaza ingekuwaje hawa wenzetu wangepewa uwezo huo hata kwa wiki mbili tu!

Na sisi tunautumiaje? Jirani kapogoa, na sisi tunapogoa. Maua yanaangukia katikati ya mvua nzito za Januari, ubwiri vinyoya, ule ugonjwa wa ukungu, unaingia kwa sababu unapenda majani yaliyolowa, dawa inapigwa asubuhi na kuoshwa jioni. Halafu tunavuna wote wiki moja na bei inaanguka. Nimeliona hilo tangu niko mdogo, nikibeba ndoo za zabibu kichwani.

Ombi langu ni daftari. Andika siku uliyopogoa, siku ua la kwanza lilipofunguka, siku mvua iliponyesha na kiasi chake. Kopo lenye kuta zilizonyooka likae wazi, mbali na miti, pima kwa rula. Bosi wangu hapa ana madaftari ya baba yake, na kabla ya kuamua jambo anayafungua. Mama ameanza msimu uliopita, mdogo wangu wa mwisho ndiye anayemwandikia.

Haya, tumeunganisha tena, sasa ni saa tatu asubuhi. Barafu imeanguka yote, sikieni matone. Maji tumezima. Sasa nachuma maua kumi kutoka miti tofauti, nayapasua kwa wembe. Usidanganyike na petali nyeupe, tazama moyoni: likiwa jeusi katikati limekufa. Hili kijani. Hili kijani. Hili... jeusi, mnaona? Kijani. Kijani. Jeusi. Kijani, kijani, kijani, kijani.

Manane mazima. Mti wa epo ukibakiwa na ua moja katika kumi unaweza kuzaa vizuri, kwa hiyo usiku huu tumeuvuka. Utabiri unasema kesho tena hasi mbili. Naenda kulala kidogo. Mama, nikiamka nitakupigia, uwe na daftari karibu.