Wafanyabiashara wa Salem: Mwingereza Alipofunga Soko, Wakaja Hadi Unguja

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania, Kenya na kokote mnakonitazama. Leo niko Salem, jimbo la Massachusetts, kaskazini kidogo ya Boston. Wageni wengi wanakuja hapa kwa ajili ya ile kesi ya wachawi ya mwaka 1692. Mimi nimewaleta kwenye gati hili refu, Derby Wharf, kwa sababu meli za bandari hii ndizo zilizokuja kufanya biashara Unguja wakati wa Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja.

Tuanzie 1783. Marekani imeshashinda vita vya uhuru. Kabla ya hapo, wafanyabiashara wa huku walikuwa wakipeleka samaki, mbao na unga kwenye visiwa vya Waingereza vya Karibi, wakirudi na sukari na molasi. Julai mwaka huo London ikatoa amri kwamba meli za Marekani hazina ruhusa tena kuingia bandari za visiwa hivyo. Soko walilolitegemea tangu enzi za babu zao likafungwa. Sisi ambao nchi zetu zilipata uhuru miaka ya sitini tunalijua jambo hili vizuri: bendera unapandisha siku moja, lakini aliyekutawala bado anashika soko.

Basi wakatazama mbali. Februari 1784 meli Empress of China iling'oa nanga New York kwenda Canton, Uchina, na shehena ya tani kama 30 za jinsengi, mizizi ya dawa inayoota kwenye misitu ya huku. Ilirudi Mei 1785 na chai, na ikapata faida. Tajiri wa Salem, Elias Hasket Derby, naye akatuma meli yake Grand Turk ikafika Canton mwaka 1786. Nahodha Jonathan Carnes alikwenda Sumatra, akarudi 1797 na pilipili manga iliyoleta faida ya asilimia 700. Alikoitoa palifanywa siri, na nahodha wenzake wakahangaika kupatafuta.

Kinachonigusa zaidi ni umri wa hao waliotumwa. Nathaniel Silsbee alikabidhiwa meli ya Derby akiwa na miaka 19, kuelekea Rasi ya Tumaini Jema na Mauritius. Miaka 19! Barua kutoka Salem ilichukua miezi kumfikia mtu kama huyo, na nyingine hazikumkuta kabisa. Bei ikianguka aamue mwenyewe. Vita vikizuka kati ya Waingereza na Wafaransa, aamue mwenyewe auze, asubiri au atafute bandari nyingine. Nchi yake haikuwa na manowari ya kumlinda huko.

Na vita vilizuka kweli, 1793. Marekani haikuwa upande wowote, kwa hiyo meli zake zikabeba mizigo ya kila mtu na miji kama Salem ikatajirika. Uingereza haikukubali. Kuanzia 1805 ilizidi kukamata meli za Marekani zilizobeba bidhaa za makoloni ya Wafaransa. Vibaya kuliko mizigo ni watu: maafisa wa Kiingereza walipanda meli baharini, wakapanga mabaharia mstari na kusema, huyu ni raia wetu. Maelfu walichukuliwa kwa nguvu kutumika kwenye manowari za Uingereza. Juni 1807 manowari Leopard iliipiga mizinga meli ya kivita ya Marekani, Chesapeake, ikachukua mabaharia wanne.

Rais Jefferson akajibu Desemba kwa kuzuia meli za Marekani zisiende ng'ambo. Mimi naona alijikata mkono mwenyewe. Mauzo ya nje yalishuka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 hadi milioni 22 mwaka 1808. Hapa Salem meli zilifungwa kamba gatini, mabaharia wakakosa kazi. Amri iliondolewa 1809, na vita na Uingereza vikaja 1812.

Biashara ya Salem haikurudi kama zamani. Boston na New York ziliipita, ndipo ikatafuta bandari ambazo wakubwa hawajazishika, na Unguja ikawa mojawapo. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alisaini mkataba na Seyyid Said kule Maskati: ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Marekani. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawa konseli wa Marekani Unguja, akaelewana vizuri na Jairam Shivji, mkuu wa forodha. Uingereza ilipata mkataba wake 1839, na konseli wake Hamerton alifika 1841 akakuta Wamarekani wameshatangulia.

Wao walileta merikani, nguo ya pamba iliyopokelewa kama fedha hadi bara. Walichukua pembe za ndovu na sandarusi. Lakini lazima niseme wazi: pamba ile ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, na pembe zile zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, wengine wakiwa watumwa. Majumba haya mazuri ya manahodha mnayoyaona nyuma yangu yana jasho hilo ndani yake, na vibao vya watalii vingepaswa kulitaja kwa herufi kubwa.

Video ijayo naingia Peabody Essex Museum, iliyotokana na chama cha manahodha kilichoanzishwa 1799. Ndugu wa Unguja na Bagamoyo, niandikieni mnachotaka nikakiulizie humo.