Nyanya za kitalu nyumba: anza kuhesabu kutoka sokoni

Wakubwa zangu wa Ilula, shikamooni. Kulima nyanya mnakujua kuliko mimi. Leo nazungumzia tarehe tu.

Nyanya za nje hapa hufurika kiangazi. Malori yanajaa, bei ya tenga inaporomoka. Mwenye kitalu nyumba akivuna wakati huohuo, amenunua nailoni na mipira ya matone ili agombanie bei na mtu asiye na paa. Mvua zikishika, bakajani, ule ugonjwa wa ukungu, inafyeka mashamba ya nje. Hapo ndipo paa linapojilipa, kwa kuwa linazuia mvua isiloweshe majani.

Basi tuhesabu kinyumenyume. Tuseme unataka kuanza kuchuma katikati ya Januari. Aina ndefu ya nyanya kama mbegu ya Anna F1 huanza kuiva kama siku 75 baada ya kuhamisha miche, kwa hiyo hamisha mwanzoni mwa Novemba. Mche hukaa kwenye trei kama wiki nne. Sia mwanzoni mwa Oktoba. Anayesia siku aliyopata hela ya mbegu amekabidhi bei yake kwa bahati.

Maua yatakuja wakati wa mvua, na chavua ikilowa hugandamana. Subirini hadi saa nne asubuhi, hewa ikikauka, mgongegonge kwa fimbo waya wa juu unaoshikilia mimea, ili chavua idondoke. Kinga kiganja chini ya ua: ukiona ungaunga wa manjano, kazi imefanyika. Msipange maua yaje Juni na Julai. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13, mengi hudondoka bila kushika tunda.

Zao likiisha, ng'oeni yote kwa siku moja. Pandeni mchicha au matango, si hoho wala bilinganya, hizo ni ndugu wa nyanya na magonjwa wanaambukizana. Mwishoni mwa Agosti lowesheni udongo, mfunike kwa nailoni angavu wiki sita, jua liupike.

Kuna mama ameuliza: miche ya zamani bado inazaa juu, je, apachike mipya katikati? Hapana, mama. Kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, akiwa kwenye jani kuukuu atahamia kwenye mche mchanga kabla haujafika magotini. Mwenye vitalu viwili apishanishe vitalu, asipishanishe mistari.