Maswali ya Mashabiki Yachujwe na Nani?

Ndugu zangu wasimamizi wa makundi ya mashabiki, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi wenu mnaifanya tayari. Msanii, mwigizaji au mchezaji amekubali kukaa na mashabiki wake mtandaoni kwa saa moja, na ninyi ndio mnaokusanya maswali. Mnatangaza siku tatu kabla. Maswali yanamiminika. Saa inakwisha, na ukisoma majibu unakuta yale yale: nawashukuru sana mashabiki wangu, albamu iko jikoni, vijana wasikate tamaa. Lawama zinaanza hapo. Wengine watasema staa ana maringo, wengine watasema mashabiki wetu hawajui kuuliza.

Mimi nasema lawama hizo zimekosa njia. Kasoro iko katikati, pale maswali yanapochujwa, na mara nyingi pale katikati hakuna mtu. Kuna hesabu ya laiki tu.

Najua wengi mtanijibu kwamba hesabu ya laiki ndiyo haki yenyewe. Swali lililopendwa na wengi ndilo liulizwe, kwisha. Basi tutazame waliofanya hivyo kwa ukubwa kuliko sisi sote. Machi 2009 Rais Barack Obama alikuwa na miezi miwili tu madarakani, uchumi wa Marekani uko taabani, watu wanapoteza kazi na nyumba. Ikulu ikafungua ukurasa ambao mtu yeyote angeweza kutuma swali juu ya uchumi na kuyapigia kura maswali ya wenzake. Yalikuja maswali zaidi ya 104,000, na kura zaidi ya milioni 3.6. Katika nchi iliyokuwa kwenye hali ile, mnadhani ni swali gani lililopanda juu, tena katika fungu zaidi ya moja?

Bangi. Kwa nini isihalalishwe ikatozwa kodi.

Watetezi wa bangi walikuwa wamehamasishana, wakaingia kwa wingi, wakapiga kura. Hawakuvunja kanuni hata moja. Obama alilitaja swali hilo mwenyewe, akatania kwamba hajui linasema nini kuhusu hadhira ya mtandaoni, akajibu kwamba hapana, haoni kama hiyo ni njia nzuri ya kukuza uchumi, akaendelea na mengine. Sisemi swali lilikuwa la kipuuzi. Ninachosema ni kwamba jibu lake lilijulikana kabla hajafungua kinywa, na waliolipandisha walilijua pia. Walitaka waonekane, na wakaonekana.

Kura huonyesha nani amehamasishana. Kwetu hili halihitaji mwalimu, maana timu za Instagram mnazifahamu kuliko mimi. Weka kura ya wazi leo kwa ajili ya msanii fulani, na kabla ya magharibi timu ya hasimu wake imeshaingia kupandisha swali la talaka au la mtoto wa nje. Ukilifuta, unaambiwa umenunuliwa. Ukiliacha, menejimenti inakata simu.

Kuna ugonjwa wa pili wa kura ambao hauonekani haraka, nao ni wa aliyewahi. Swali lililotumwa dakika ya kwanza linakaa juu, linaonwa na kila anayeingia, linapata laiki, na kwa sababu limepata laiki linazidi kukaa juu. Swali zuri la yule aliyetoka kazini saa mbili usiku liko chini kabisa, halijasomwa na mtu. Reddit, mtandao wa Marekani ambao umefanya vikao vya namna hii kwa miaka mingi, ulilazimika kubadili hesabu yake mwaka 2009. Aliyeueleza mfumo ule kwa wasomaji ni mchora katuni Randall Munroe. Kwa lugha ya sokoni ni hivi: usiangalie kura ngapi, angalia uhakika. Swali lililopigiwa kura kumi, zote za kulikubali, linaweza kumpita mwenzake mwenye kura sitini za ndiyo na arobaini za hapana, kwa sababu hilo la pili tayari tunajua limewagawa watu. Baadaye wakaweka pia namna ya kuchanganya mpangilio na kuficha idadi ya kura, ili kila anayeingia akutane na maswali kwa mfuatano tofauti.

Ninyi hamna mainjinia wa kuwaandikia hesabu hizo, na hamuwahitaji. Kusanyeni maswali kwa fomu ambayo mtumaji haoni ya wenzake. Fungeni fomu. Unganisheni yanayofanana, maana katika maswali mia mbili utakuta themanini ni "kolabo na fulani lini". Ndipo muyatoe hadharani yakiwa yamechanganywa, kwa muda mfupi, watu wayapigie kura. Hapo aliyewahi na aliyechelewa wako sawa.

Lakini hata baada ya hapo kura isiwe na neno la mwisho, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Kuna mtandao wa zamani wa watu wa kompyuta, Slashdot, ulioanza mwaka 1997. Walikuwa na utaratibu wao wa kumhoji mgeni: wasomaji wanaandika maswali, kila andiko lina swali moja tu, na wasomaji wenzao wanayapa alama. Alama haikuweza kuzidi 5. Ikifika 5 imegota, hata kama nyuma yake wako watu elfu. Kisha wahariri wanachukua yaliyofika juu, wanachagua kama kumi hivi, wanamtumia mgeni. Nauona huu ndio ufundi mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Kura ikishasema "hili ni zuri" inanyamaza. Haiwezi kupiga kelele. Kati ya mazuri thelathini, mtu mwenye macho na akili ndiye anayeamua yapi kumi yanakwenda pamoja, yapi yanarudiana, na lipi litangulie.

Mwaka 2000 utaratibu huo ulipata mtihani mgumu. Bendi ya Metallica ilikuwa imeishtaki Napster, ile programu iliyowawezesha watu kubadilishana nyimbo bure, na wasomaji wa Slashdot wengi wao walikuwa upande wa Napster. Wana hasira, wana maneno. Mpiga ngoma wa bendi, Lars Ulrich, akakubali kuulizwa na hao hao. Fikirini kikao kile kingekuwaje kama angeingia laivu kwenye simu yake, komenti zinapita kama mvua! Yangekuwa matusi mwanzo mwisho. Kwa kupitia mchujo, yaliyomfikia yalikuwa maswali, makali yenye sura ya maswali, naye akayajibu. Mchujo haukumkinga na hasira za watu. Uliwawezesha wenye hasira kusikika.

Na kwetu mchujaji si mgeni. Waliokulia na redio wanakumbuka kadi za salamu: rundo liko mezani kwa mtangazaji, anasoma hii, anaweka kando ile iliyoandikwa ovyo, anaunganisha watatu wanaomsalimia mtu mmoja. Hakuna aliyemwita dikteta. Tulipohamia kwenye simu tukamfukuza, na sijui tulidhani kazi yake itafanywa na nani.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Hili hapa ni la aina mnayoletewa kila siku: "Kwanza hongera kwa kazi nzuri, mimi ni shabiki yako namba moja, je unajisikiaje kupata tuzo na una mipango gani na unawaambia nini vijana wanaochipukia?" Humo mna maswali matatu, na mtu yeyote akiulizwa matatu kwa mkupuo atajibu la mwisho, tena lililo rahisi. Ndiyo maana mnapata "vijana wasikate tamaa". Mchujaji akimrudia mtumaji na kumuuliza, ndugu yangu, wewe hasa ulitaka kujua nini, mara nyingi inatoka kitu kingine kabisa: "Kwenye ubeti wa pili biti inakatika na unabaki unaimba peke yako. Hilo mlilipanga na prodyuza, au lilitokea studio mkaliacha?" Hapo staa hana jibu la kukariri. Ataikumbuka ile siku. Atamtaja prodyuza. Huenda akacheka. Na shabiki yule ni yule yule, hakuwa mjinga. Alidhani heshima inataka aulize mambo makubwa.

Ombi langu ni kwamba mchujaji afupishe, aondoe hongera, katika matatu abakize moja, lakini asibadilishe ukali wa swali bila ruhusa ya mwenyewe. Ukilainisha swali la mtu halafu ukaliweka chini ya jina lake, umemsemea.

Udogo wa swali msiudharau. Agosti 29, 2012 Obama alikaa Reddit kwa kama nusu saa, maswali maelfu, akajibu kama kumi. Kati ya hayo kumi kulikuwa na lililoomba namna ya kupika bia inayotengenezwa Ikulu. Akasema itatolewa karibuni, tena akashuhudia kwamba ni tamu, na baada ya siku chache Ikulu ikaitoa kweli. Siku hiyo hiyo watu walipigia kura nyingi swali la mzaha, kama angependa kupigana na bata mmoja mkubwa kama farasi au farasi mia wadogo kama bata. Halikujibiwa. Nusu saa ni nusu saa, na kila mzaha unaoupitisha unakula nafasi ya mtu.

Upande wa staa nitaupitia haraka. Februari mwaka huo huo wa 2012 mwigizaji Woody Harrelson alifika hapo hapo Reddit kutangaza filamu yake mpya. Watu walitaka kumuuliza lolote, kwa sababu kikao kinaitwa hivyo, niulize lolote. Yeye kila mara anawarudisha kwenye filamu. Kiliharibika, na mpaka leo kinatajwa kwa kejeli. Mngekuwa ninyi, mngekaa na menejimenti mapema mkakubaliana nini kiko mezani na nini hakipo, halafu mkakitangaza kabla ya fomu kufunguliwa. Shabiki akiambiwa tangu mwanzo kwamba leo ni muziki tu, wengi watakubali. Kinachomuudhi ni kualikwa kuuliza lolote kisha kunyamaziwa.

Na awepo mtu karibu na staa. Reddit alikuwepo mfanyakazi wao Victoria Taylor, ambaye aliwasaidia wageni wengi, pengine kwa simu: anawasomea swali, wanajibu kwa mdomo, yeye anaandika. Alipoondolewa ghafla Julai 2015, wasimamizi wa kujitolea wa ukumbi ule wa mahojiano waliufunga, na kumbi nyingine kwa mamia zikafuata. Hawakugoma kwa mapenzi tu. Walikuwa na wageni waliopangwa na hawakujua nani atawapokea.

Mwisho, yale yasiyojibiwa. Msiyatupe. Wekeni orodha mahali ambapo kila mwanakundi anaiona, na mbele ya kila swali neno moja la sababu: limerudiwa, muda uliisha, menejimenti ilikataa, lina tusi. Lile la "muda uliisha" ndilo litangulie staa mwingine wa kazi hiyo hiyo akija, kama bado lina maana kwake. Lile la "menejimenti ilikataa" liandikwe hivyo hivyo bila kejeli wala vikatuni vya kucheka, kwa sababu menejimenti nayo inasoma, na ndiyo itakayoamua kama mtapewa saa nyingine.