Bakuli la Shangazi

ZAWADI: Karibuni tena, wasikilizaji. Tuko Goma, umeme umekatika, kwa hiyo hiyo ngurumo mnayoisikia ni jenereta ya jirani. Mimi Zawadi.

ESPOIR: Na mimi Espoir. Leo ni vijana wa LUCHA, lile vuguvugu la kudai mabadiliko bila fujo. Ila dada, hotuba zao watu wanazijua. Mimi nataka nianze na bakuli.

ZAWADI: Bakuli tena?

ESPOIR: La shangazi yangu, la bati, lenye mfuniko. Binamu alipokamatwa kwenye maandamano, chakula nilikuwa ninampelekea mimi. Shangazi alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anasonga fufu, anachemsha sombe, majani ya muhogo. Nikifika mlangoni pa mahabusu, askari anachukua kijiti, anaitoboa ile fufu huku na huku akitafuta simu. Kijiti kilekile kimetoka kwenye chakula cha mtu mwingine! Halafu anasema, “Na mimi je, sijanywa chai.” Ukikosa cha kumpa, bakuli linakaa juani.

ZAWADI: Na ukimpa?

ESPOIR: Linaingia, lakini linafika nusu.

ZAWADI: Wanamwita binamu yako kiongozi?

ESPOIR: Ndiyo, na hapo ndipo askari walipohangaika naye. “Kiongozi wenu ni nani?” Usiku kucha. Anajibu hakuna. Wanaona anawadharau. Kumbe ni kweli tupu. LUCHA ilizaliwa hapa Goma mwaka 2012, haina mwenyekiti. Ukitaka kukata kichwa, utakata kipi?

ZAWADI: Basi wanabeba nyumba nzima. Mnakumbuka Februari 2016? Leopards, timu yetu ya taifa, walikuwa wametoka kuifunga Mali 3-0 kule Kigali, kombe la CHAN likaja nyumbani. Mji mzima tulilala barabarani kwa furaha. Siku chache baadaye ikaitishwa siku ya mji kufa, watu wabaki nyumbani na maduka yafungwe, kudai Katiba iheshimiwe, maana muhula wa Rais Kabila ulikuwa unaisha mwaka ule. Vijana sita wa LUCHA wakakesha ndani ya nyumba wakiandika mabango: kombe la mpira tumepata, sasa bado demokrasia. Kabla hakujapambazuka, polisi hao.

ESPOIR: Kwa ajili ya kitambaa na rangi.

ZAWADI: Wakahukumiwa miaka 2. Kwenye rufaa ikashushwa hadi miezi 6, wakafungwa Munzenze, gereza la hapa Goma. Mmoja wao ni Rebecca Kabugho. Mwaka uliofuata Marekani ikampa tuzo ya wanawake jasiri. Mimi ile tuzo ilinifurahisha, ila nilijiuliza mama yake alibeba mabakuli mangapi.

ESPOIR: Fred Bauma wa LUCHA naye alikamatwa Kinshasa Machi 2015, akafungwa karibu mwaka na nusu, sehemu kubwa gereza la Makala. Mtu wa Goma amefungwa Kinshasa, chakula utampelekaje? Ndege?

ZAWADI: Na watu wanasema, “Hawa vijana wanatafuta nini, si waende shule.” Wengi wao wamesoma! Mwenzao Luc Nkulula alisomea sheria. Wamekaa na shahada bila kazi, na ziwa Kivu liko pale chini, huku mama zao wanapanga bidoni za njano tangu usiku kungoja maji. Mwaka 2014 waliandamana kwa ajili ya hayo maji. Maji tu, kaka.

ESPOIR: Na polisi wakija, wanakaa chini. Hawatupi jiwe, na mji huu mawe ya volkano si ya kutafuta.

ZAWADI: (anacheka) Unajikwaa nayo.

ESPOIR: Luc aliungua akafa ndani ya nyumba yake, Juni 2018, usiku. Nyumba za mbao tunazijua, moto ukishika hausubiri. Lakini wenzake hawakukubali kwamba ni ajali.

ZAWADI: Hawajakubali hadi leo. Nakumbuka mji asubuhi ile, wenye pikipiki walikuwa hawapigi hata honi.

ESPOIR: Tangu waasi wa M23 waingie mjini Januari 2025, wengi wameondoka. Waliobaki hatuwataji hapa, na msitutumie majina yao, tafadhali. Hata kwa salamu.

ZAWADI: Kabisa. Na binamu?

ESPOIR: Yuko mbali. Anapiga simu kwa namba ambayo kila mara ni mpya. Shangazi anamuuliza kitu kimoja tu: amekula?

ZAWADI: Pole yake.

ESPOIR: Juzi tulikuwa na wageni, vyombo vikapungua. Nikalishusha lile bakuli juu ya kabati niweke maharagwe. Shangazi akanipokonya, akalipangusa kwa kitenge chake, akalirudisha palepale. “Acha hilo,” akasema. “Litatafutwa tena.”