Liang Ngapi? Kuzoeana na Wenyeji Unapojifunza Kichina

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mnaojiandaa kwenda kusoma China: nimeombwa nizungumzie namna ya kuzoeana na wenyeji, nami nitazungumzia hasa Chengdu, mkoani Sichuan, mji niliosomea.

Siku hizi mtu anaweza kuishi China kutwa nzima, akala, akapanda treni ya chini ya ardhi na kununua sabuni, bila kutamka neno lolote la Kichina, kwa kuwa simu ndiyo inayolipa, ndiyo inayoagiza chakula na ndiyo inayotafsiri. Isitoshe, vyuo vingi huwaweka wanafunzi wa kigeni katika bweni lao peke yao. Humo utamkuta Mtanzania mwenzako akisonga ugali, na chumba cha pili Mkongo ambaye Kiswahili chake kinakuchekesha hadi usiku wa manane. Ni raha, sikatai. Lakini muhula utakwisha umefaulu mtihani na hujawahi hata kupatana bei ya nyanya.

Mimi niliokolewa na mgahawa mdogo wa tambi nje ya geti la chuo. Asubuhi ya kwanza niliingia na sentensi yangu safi ya darasani, yi wan mian, bakuli moja la tambi. Mama mwenye mgahawa akaniuliza, «Ji liang?» Nikakodoa macho. Kumbe Sichuan tambi huagizwa kwa uzito: liang moja ni gramu 50, na mtu mwenye njaa ya kawaida huomba er liang, yaani gramu 100 kabla ya kupikwa. Kitabu changu hakikuwa na habari hiyo. Akaninyoshea vidole, kimoja, viwili, vitatu. Nami kwa kiherehere nikachagua vitatu, nikaletewa mlima. Kesho yake nikarudi nikaomba er liang, pilipili kidogo. Siku ya nne hakuniuliza tena uzito. Aliniuliza kwetu ni wapi.

Hilo ndilo ninalotaka mlibebe: rudini mahali palepale, saa ileile, mkiwa na haja ya kweli. Wengi huzunguka wakitafuta «rafiki wa kufanyia mazoezi», na mwisho wake humpata kijana ambaye naye anatafuta mtu wa kufanyia mazoezi ya Kiingereza. Muuza tambi hana haja na Kiingereza chako. Anataka kujua utakula nini, na kesho atataka kujua kwa nini jana hukuja.

Katika kuitana, Mswahili ana mtaji ambao wageni wengine hawana. Wachina humtofautisha baba mkubwa, bobo, na baba mdogo, shushu. Mjomba ni jiujiu na shangazi ni gugu, kila mmoja na upande wake wa ukoo, kama kwetu. Na kama kwetu, majina hayo hutoka nyumbani yakaingia barabarani: mwanamume wa rika la baba yako ni shushu, mama wa makamo ni ayi, dereva wa teksi ni shifu, neno linalokaribiana sana na «fundi» wetu. Chengdu mama huyo huitwa niangniang, na siku nilipomwita hivyo mama wa tambi, jiko zima liliangua kicheko, nikaongezewa mboga. Angalieni umri, lakini. Niliwahi kumwita muuza matunda nainai, bibi, naye hakuwa amefika hata miaka hamsini. Wiki hiyo machungwa yalinigharimu.

Mtasifiwa sana, hata kwa salamu moja tu, «ni hao», yaani «hujambo». Sifa hizo ni adabu, wala msizihesabu kuwa alama za mtihani. Jibu la wazee ni nali, nali, yaani «wapi, wapi», sawasawa na sisi tunavyosema «Wapi bwana!», ingawa vijana hawalitumii sana.

Jiandaeni pia kwa lafudhi. Watu wengi wa Chengdu hutamka sh kama s, kwa hiyo nne, si, na kumi, shi, hubaki zikitofautishwa na toni peke yake, na sisi ambao lugha yetu haina toni ndipo tunapopotea. Sokoni nilijifunza kutazama mkono: kumi huonyeshwa kwa vidole viwili vya shahada vilivyopishanishwa.

Mahali pa pili nilipopazoea ni mkahawa wa chai wa Heming, ndani ya Bustani ya Watu. Pale unalipia kikombe kimoja chenye mfuniko, unaongezewa maji ya moto, na hakuna anayekufukuza. Mzee mmoja aliposikia neno Tansangniya aliweka kikombe chini akasema, «Tan-Zan tielu!» Alikuwa akiizungumzia reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970 na ikakabidhiwa mwaka 1976. Akataka kujua ina urefu gani, inapita milima gani, kama bado inabeba abiria. Nilikuwa na kilomita 1,860 kichwani, basi. Mengine sikuwa nayo, si kwa Kichina wala kwa Kiswahili. Jumamosi iliyofuata nilirudi na maneno matatu niliyoyakariri usiku kucha: handaki, daraja na mataruma. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akanisahihisha toni ya «daraja», kisha akamwita mhudumu aniongezee maji.