Agnes Martin na mistari yake: kaa nayo kwanza

Haya jamani, tuzime taa hizo za mbele maana mistari hii ni ya kijivu, mwanga ukizidi inapotea. Hapa ukutani nimewarushia kurasa chache za On a Clear Day, kazi ya mchoraji Agnes Martin ya mwaka 1973, zote ni picha 30 za kuprinti kwa skrini, na najua wa kwanza ntakayemuuliza anaona nini atasema daftari la hesabu. Sawa, mi mwenyewe niliona hivohivo. Mistari ya kulala, mistari ya kusimama, basi.

Sasa tazameni hizi mbili. Hii mistari imefungwa na mpaka pande zote, ile ncha zimeachwa wazi. Kwenye ya kwanza jicho linarudi ndani, kwenye ya pili linatoka, unahisi mistari ingeendelea hadi nje ya karatasi, halafu cheki vyumba vyake, yaani vile visanduku mistari inapokatana, sio miraba, ni mistatili, ukikirefusha chumba kidogo tu kwenda juu picha nzima inasimama, ukikitanua inalala. Daftari halikufanyii hivyo hata siku moja!

Huyu mama alizaliwa Kanada 1912. Mwaka 1967 akaondoka New York, akaacha kabisa kuchora, akaenda New Mexico, hukohuko Marekani, akajijengea nyumba ya udongo, na miaka ilivopita hizi ndo picha alizorudi nazo. Kwenye turubai zake alikuwa anatumia penseli na rula, ukisogea unaona mkono umetetemeka kidogo, na mi napenda sana hiyo. Ila hapa mstari umenyooka kabisa, hauna mkono wa mtu, kazi ya mafundi wa Domberger, karakana ya kuprinti kule Stuttgart, Ujerumani. Na skrini ni ileile ya kuprintia tisheti, fremu, kitambaa kimevutwa, wino unasukumwa na raba. Mnaoprinti mnajua mstari mwembamba unavyosumbua, wino ukizidi unavuja, ukipungua unakatika, sasa fikiria ukurasa mzima wa mistari hiyo na hakuna pa kuficha kosa, hakuna rangi, hakuna sura ya mtu, ukikosea mmoja ndo huohuo watu watautazama.

Basi kila mtu achague ukurasa mmoja, simu mfukoni, dakika tano kimya, halafu mtanambia jicho lenu limetokea wapi.