Jinamizi: ndoto inayoendelea macho yakiwa wazi

Mabibi na mabwana, hamjambo.

Mtu anazinduka usiku. Anaona chandarua, anaona mwanga wa taa ya nje dirishani. Anataka kugeuka, mkono haunyanyuki. Anataka kuita, sauti haitoki. Mlangoni kasimama mtu. Kisha kifua kinalemewa. Huyo amekabwa na jinamizi, yaani ameshaamka ilhali ndoto yake haijaisha.

Baada ya kama dakika 90 za usingizi huja usingizi wa ndoto, na hurudi mara kadhaa hadi alfajiri. Hapo shina la ubongo huilegeza misuli ya mwili, tusije tukainuka kuifuata ndoto. Macho hayaguswi, wala ule msuli mpana wa chini ya mapafu unaovuta pumzi. Lakini misuli ya katikati ya mbavu hulegea. Sasa aliyezinduka mapema akijaribu kuvuta pumzi ndefu, kifua kinakataa, naye kwa hofu anahisi amekaliwa. Pumzi haijakatika! Hali hii huisha yenyewe, kwa sekunde kadhaa au dakika chache.

Mwaka 1995 Pemba, hofu ya Popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku vitandani, iliwafanya watu walale nje kwa makundi. Waliosema wamelemewa kitandani wasiweze kupiga kelele wasiitwe waongo. Maelezo yao yanafanana mno na haya. Na hofu huvunja usingizi, usingizi uliovunjika ukalileta jinamizi tena.

Likikukaba, usipambane kwa mwili mzima, utazidisha hofu tu. Iache pumzi iende taratibu. Zungusha macho kushoto na kulia, halafu elekeza nguvu kwenye kidole kimoja cha mguu. Kikicheza tu, mwili wote hufuata. Kosa kubwa huja baadaye: mtu anajifunika na kulala papo hapo, jinamizi linarudi. Keti, washa taa, nawa uso, kaa dakika chache ndipo ulale, tena kwa ubavu. Kulala chali hulikaribisha. Weka mto mgongoni usigeuke. Wauguzi na walinzi wa zamu za usiku wako hatarini zaidi, kwa kuwa saa zao za kulala hubadilika kila mara. Kahawa na miraa za jioni nazo huukatakata usingizi.

Ila kama mchana usingizi unakuchukua katikati ya mazungumzo, au magoti yanalegea ukicheka, muone daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Huo huenda ni ugonjwa mwingine, nao una dawa za kuutuliza.